Pampu ya insulini na sukari ya usiku: namna ya kuiseti ili ulale hadi asubuhi

Kabla sijaanza, mi sio daktari. Mi ni mgonjwa tu wa kisukari aina ya kwanza, mtoto wa Tanga niliyeishia Leicester, na pampu nimeivaa miaka ya kutosha kuzijua tabia zake nzuri na visirani vyake. Hapa naandika namna ya kuitumia ili sukari isikushukie ukiwa umelala. Namba ntakazotaja ni zangu, za kwako zinaweza kuwa tofauti kabisa, kwaiyo kabla hujabadilisha chochote kwenye pampu ongea na nesi wako wa kisukari au daktari, usije ukasema jamaa wa mtandaoni kaniambia.

Huku Uingereza sukari ikishuka wanaiita haipo (Kiingereza hypo, kifupi cha hypoglycaemia), na kila nesi akiniuliza umepata haipo ngapi wiki hii nacheka moyoni, maana kwetu haipo ni kitu ambacho hakipo, na kweli ndo hivo, sukari yenyewe ndo haipo. Kwa vipimo tunaongelea chini ya 3.9 (namba zote za sukari hapa ni mmol/L), na ikipita chini ya 3.0 hapo mchezo umeisha, ubongo unakosa chakula chake. Mchana unajishtukia mwenyewe, mikono inatetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla kama hujala wiki. Usiku mwili hauna zile kelele, usingizi unazififisha, ndo maana ule utafiti mkubwa wa Marekani wa DCCT uliotoa majibu yake 1993 ulikuta zaidi ya nusu ya haipo kali ziliwakuta watu wamelala. Kama asubuhi unaamka shuka limelowa, kichwa kinagonga, umeota ndoto za kukimbizwa, usiseme ni malaria au wachawi, angalia kwanza grafu ya sensa (kile kidude cha kubandika kwenye ngozi kinachosoma sukari muda wote) kati ya saa sita na saa kumi na moja.

Sasa pampu yenyewe. Ndani yake kuna insulini ya haraka tu, hamna ile ya masaa 24. Inadondosha kidogo kidogo usiku na mchana, hiyo tunaita basali, alafu ukila unaiambia unakula wanga kiasi gani inakupa dozi ya mkupuo, hiyo ni bolasi. Kumbuka haya majina mawili maana mambo yote ya usiku yapo hapo.

Pampu zipo za aina kadhaa na ujue ya kwako ni ipi. Ipo pampu tupu isiyoongea na sensa, hiyo itaendelea kudondosha hata ukiwa 2.1, haina habari na wewe. Ikaja inayojizima sukari ikishagusa chini, kampuni ya Medtronic walianza na pampu ya Veo huku Ulaya 2009, Marekani wakaipata ya namna hiyo 2013. Alafu zikaja zinazojizima KABLA, zinaangalia sukari inavyoporomoka zinapiga hesabu ya nusu saa mbele, mfano Basal-IQ ya kampuni ya Tandem ya 2018 ikiona ndani ya dakika 30 utakuwa chini ya 4.4 inakata basali yenyewe. Na sasa hivi nyingi ni zile zinazojiendesha nusu, 780G ya Medtronic, Control-IQ ya Tandem, Omnipod 5 na wenzao, zenyewe zinapandisha na kushusha basali kila dakika chache. Nasema nusu sababu chakula bado unaiambia wewe, haijui kama umekula pilau au umefunga. Kwa walioko England, NICE, wale wanaoamua matibabu gani serikali igharamie, walizipitisha hizi kwa watu wa aina ya kwanza mwisho wa 2023 na NHS, huduma ya afya ya serikali, wakaanza kuzigawa Aprili 2024, mpango wa miaka mitano, kwaiyo kama una sensa na sukari bado inakuangusha usiku, uliza kliniki uko wapi kwenye foleni, usikae kimya kama mgeni.

Sasa nisikilize vizuri hapa maana ndo nilipokosea mi mwenyewe muda mrefu. Watu wanadhani wakishavaa pampu inayojizima basi wamemaliza, wanakula wanavotaka wanalala. Pampu inaweza kuzuia insulini ambayo BADO haijaingia. Ile iliyokwisha kuingia chini ya ngozi haiwezi kuivuta irudi, na itaendelea kufanya kazi masaa matatu mpaka matano. Basali yangu ya usiku ni kama uniti 0.7 kwa saa, kwaiyo pampu ikijizima saa nzima imeniokolea uniti 0.7 tu, wakati kwenye mwili kuna uniti 3 za bolasi niliyojipiga saa nne usiku kwa hasira sababu sukari ilikuwa 13. Unaona hesabu ilivyokaa? Haipo ya usiku inapikwa jioni, usiku inapakuliwa tu.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kabla ya kulala. Usiangalie namba ya sukari peke yake, angalia vitu vitatu, sukari, mshale wa sensa unaoonyesha inapanda au inashuka, na insulini iliyobaki mwilini, ipo kwenye skrini ya pampu. Nikupe mfano wa kweli wa wiki iliyopita: saa tano usiku niko 7.4, mshale umelala, kwa macho ni namba ya kupiga picha. Insulini iliyobaki uniti 2.2. Mimi uniti moja inanishusha 2.5, kwaiyo zile 2.2 zina uwezo wa kunishusha 5.5, toa kwenye 7.4 inabaki 1.9. Moja nukta tisa jamani! Kama ningekuwa nimekula saa nne kasoro na chakula bado kipo tumboni isingekuwa shida, chakula na insulini vingekutana, lakini nilikuwa nimekula mapema na ile ilikuwa bolasi ya kushushia sukari tu. Nikala slesi moja ya mkate, kama gramu 15 za wanga, na SIKUIAMBIA pampu kuhusu ule mkate, maana ukiiambia itakupigia insulini ya mkate na umerudi palepale. Nikaamka na 6.3.

Ukiwa na mazoea ya kupiga bolasi juu ya bolasi ndo ugonjwa wenyewe huo. Sukari imepanda saa mbili usiku umepiga, saa tatu bado ipo juu umeongeza, saa nne umeongeza tena, saa nane usiku zote tatu zinakutana. Pampu ina kikokotoo chake, kinajua iliyobaki na kinaikata, sasa kikikwambia uniti 0 we unakilazimisha kikupe 2 unategemea nini. Na ule muda wa insulini kufanya kazi ulioandikwa kwenye setingi usiuchezee, kila pampu ina namna yake ya kuuhesabu, nyingine huwezi hata kuugusa, kwaiyo namba ya rafiki yako mwenye pampu nyingine haikuhusu.

Vyakula vyetu navyo. Pilau, chapati za mafuta mengi, viazi karai, wanga wake hauingii haraka, mafuta yanauchelewesha. Ukipiga bolasi yote mwanzoni insulini inafika kabla ya chakula, unashuka saa nne, unakula kujiokoa, alafu pilau lenyewe linafika saa sita unapaa. Kama pampu yako inaruhusu kugawa bolasi, gawa, sehemu mwanzoni na sehemu ikidondoka taratibu kwa masaa mawili hivi. Mimi pilau la mke wangu ni 60 kwa 40, biriani la harusi sijawahi kulipatia, nimeacha kujaribu nalala na 11 siku hiyo nashukuru Mungu. Mwezi wa Ramadhani ndo zaidi maana usiku mzima unakula, futari, kaimati, uji, alafu daku, bolasi zinapandiana tu, na kama unataka kufunga ukiwa aina ya kwanza hilo ni la kukaa na daktari wiki kadhaa kabla, sio la kuamua usiku wa mwandamo.

Kama jioni zako ni safi, hujapiga bolasi muda mrefu na bado unashuka, basi shida ni basali, na hapo unaipima. Unakula mapema chakula chepesi ambacho kiasi chake unakijua, unapiga bolasi yake, unasubiri masaa manne au matano mpaka ile bolasi iishe, kuanzia hapo huli hupigi kitu, unaangalia sensa mpaka asubuhi. Usifanye siku uliyocheza mpira, uliyokunywa pombe, uliyo na homa, au umeshapata haipo mchana. Sukari ikitembea ndani ya 1.7 juu au chini basali iko sawa. Ikishuka zaidi ya hapo ni kubwa. Ikifika chini ya 4 jaribio limekufa, kula, usiwe shujaa. Rudia usiku mwingine angalau mmoja kabla hujaamua, usiku mmoja unadanganya. Alafu ukipunguza, punguza kidogo, asilimia 10 mpaka 20, na uanze kupunguza saa moja au mawili KABLA ya pale unaposhukia, sababu insulini inayokushusha saa tisa usiku ni ile iliyodondoka saa saba. Mi mwanzoni nilikuwa napunguza saa ileile ya tatizo, wiki mbili hamna kinachobadilika, nikaanza kulaumu sensa. Kwenye zile zinazojiendesha zenyewe basali uliyoandika nyingine haziitumii kabisa zikiwa kwenye otomatiki, hapo unachogusa ni lengo la sukari, tunakuja huko.

Na lengo ndo kitu ambacho wengi hawakigusi. 780G inakuja na 5.5, unaweza kupandisha 6.1 au 6.7. Omnipod 5 unapanga kati ya 6.1 na 8.3 tena kwa masaa tofauti, kwaiyo usiku unaweza kuwa juu kuliko mchana. Control-IQ ina hali ya usingizi, na hapa kuna mtego, watu wanadhani hali ya usingizi ni ya kukulinda usishuke, kumbe kinyume, lengo lake ni jembamba na la chini kuliko la mchana, inakuweka kati ya 6.25 na 6.7. Faida yake haikupigii zile bolasi za kujirekebisha yenyewe usiku, inacheza na basali tu. Usiku wa kawaida ni tamu sana, unaamka 6.5 kila siku mpaka unaringa. Usiku uliotoka kwenye mpira sio kabisa.

Mpira ndo adui yangu mkubwa. Alhamisi tunacheza uwanja wa ndani, wazee wa watano watano, namaliza na 9 naona niko poa, kumbe misuli inaendelea kujaza akiba yake ya sukari usiku kucha, inaweza kwenda hata masaa 24. Alhamisi kwangu naweka hali ya mazoezi ya Control-IQ mpaka asubuhi, nesi ndo alinishauri, lengo linapanda kati ya 7.8 na 8.9. Wa 780G wanalo lengo la muda la 8.3. Wenye pampu za kawaida mnatumia basali ya muda, wengi huanzia kupunguza asilimia 20 kwa masaa sita tangu kulala, alafu unarekebisha kwa unavoona. Na bolasi ya chakula cha baada ya mpira ipungue pia, hiyo watu wanaisahau.

Pombe naitaja haraka, wanywaji mnajijua. Ini likiwa linahangaika na pombe linasahau kutoa sukari, kwaiyo hata pampu ikijizima hamna anayekupandisha, unaweza kushuka mpaka kesho yake asubuhi. Kula na pombe, lala na sukari ya juu kidogo, na mtu wa nyumbani ajue umekunywa, maana haipo na ulevi zinafanana, atakuacha ulale akidhani ni bia.

Alamu sasa. Weka ya chini kwenye 4.0, wengine tunaweka 4.5 ukiwa na kawaida ya kushuka kwa kasi. Dexcom, kampuni ya sensa, wana ya dharura ya 3.1 ambayo huwezi kuizima na wamefanya vizuri. Hakikisha simu imeipa ile app ruhusa ya kupiga kelele hata ikiwa kimya, ijaribu mchana, usingoje usiku ujue. Simu isikae chini ya mto, weka mezani upande wa pili lakini chumba hichohicho, ulazimike kukaa kitako kuizima. Na weka mtu mwingine anayeona sukari yako, Dexcom unaweza kuweka mpaka watu kumi. Mimi mmoja ni dada yangu yuko Tanga, yeye anaamka alfajiri yao mi bado niko katikati ya usiku, mara mbili kanipigia kabla mke wangu hajageuka. Ila kama alamu inalia kila usiku mara tatu usizoee kuinyamazisha, inakwambia kitu, rudi juu kasome habari ya jioni na basali.

Kuna alamu ya uongo pia. Ukilalia mkono wenye sensa, unaibana, inasoma chini ghafla, grafu inadondoka kama imetupwa dirishani alafu ukigeuka inapanda vilevile. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakula biskuti saa nane usiku kwa haipo za hewa. Dawa ni kuvaa sensa upande usiolalia, na ukiamshwa choma kidole kwanza kama una nguvu za kuchoma. Ukiwa unajisikia vibaya kula kwanza, kipimo baadae. Sensa mpya ivae asubuhi, siku ya kwanza nyingine zinaropoka.

Ukishuka kweli, unafanyaje? Kitabu kinasema gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima kwa kidole tena maana sensa inachelewa nyuma ya damu. Gramu 15 ni soda ya kawaida kama mililita 150, au vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye maji. Soda soma lebo, Lucozade ya zamani sio ya sasa, walipunguza sukari 2017 na watu wengi walishtukia usiku. Ila kama pampu yako ilishajizima yenyewe nusu saa kabla, mara nyingi gramu 5 mpaka 10 zinatosha, na hili limenichukua muda kuliamini. Ukifakamia nusu ya friji unapaa 14, pampu inaona 14 inaanza kukumwagia insulini, saa kumi alfajiri umeshuka tena. Chakula cha kujiokoa hakiingizwi kwenye pampu kama mlo, nimesema narudia.

Mwenza wako mfundishe. Sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) iko wapi, inapigwaje, na mtu aliyepoteza fahamu HAPEWI soda wala asali wala sukari mdomoni, anageuzwa ubavu, anapigwa glukagoni, pampu inasimamishwa, inaitwa ambulansi. Mke wangu nilimpa ile ya zamani iliyoisha muda afanyie mazoezi kwenye chungwa. Na ajue kwamba kama nimekunywa pombe glukagoni inaweza isifanye kitu sana, kwaiyo ambulansi haingojwi.

Upande wa pili usisahau. Sababu pampu ina insulini ya haraka tu, ikisimama masaa mengi, au kanula (kile kibomba chembamba kinachoingiza insulini chini ya ngozi) ikajikunja, hamna akiba mwilini, ndani ya masaa machache ketoni zinaanza, zile asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana. Usiisimamishe kwa mkono ukalala. Kanula usibadilishe usiku wa kulala, badilisha asubuhi au jioni mapema uone kama inafanya kazi. Ukiamka na 16 na umejaa kiu, pima ketoni kabla ya kulaumu pilau.

Kwa ndugu zetu nyumbani ambao pampu ni ndoto bado, mnaotumia NPH, ile insulini yenye rangi kama ya maziwa, kilele chake kinakuja kati ya masaa manne na kumi, kwaiyo ukiichoma saa moja na chakula cha jioni inakukuta katikati ya usiku. Muulize daktari kama ya jioni inaweza kusogezwa mpaka wakati wa kulala, na choma kidole saa tisa usiku mara mojamoja ujue unaishije. Sensa peke yake bila pampu, ukiweza kuipata hata mwezi mmoja, itakuonyesha usiku wako ambao hujawahi kuuona.

Cha mwisho, saa ya pampu. Unacheka lakini hii imenitia adabu. Pampu inahesabu kizungu, 02:00 kwake ndo saa nane yetu usiku, na mi siku ya kwanza kupanga basali mwenyewe nilikuwa nafikiria Kiswahili, nikataka kupunguza saa nane usiku nikaandika 08:00. Wiki nzima nashuka usiku palepale na asubuhi napaa sielewi, mpaka nesi alipofungua ripoti akaniuliza kwanini umepunguza insulini wakati wa chai. Angalia pia asubuhi na jioni zisiwe zimegeuka, maana basali ya mchana ikikujia usiku ni haipo ya moja kwa moja. Huku saa zinasogezwa Machi na Oktoba, simu inajibadilisha, pampu nyingi hazijibadilishi. Na ukisafiri kwenda Dar ni masaa mawili mbele kipindi cha joto, matatu kipindi cha baridi, kwaiyo mi nikishatua, nikiwa bado kwenye foleni ya pasipoti, naitoa pampu nabadilisha saa kabla sijawasha hata simu.